Vimelea navyo vina ukoo

Swahiba wangu,

Barua yako nimeipata, nikaisoma huku nacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akainua kichwa. Eti "bado unahesabu vijidudu?" Sihesabu vijidudu, swahiba, nafuatilia koo zao. Lakini swali lako lile la mwisho halikunichekesha, limenikaa moyoni wiki nzima. Umeuliza: mgonjwa ana homa, anachotaka ni dawa, sasa kuna faida gani kujua kimelea chake ni mtoto wa nani?

Ngoja kwanza nikuonyeshe ninachokishika mkononi. Ni kipande cha karatasi ya chujio chenye doa la damu iliyokauka, rangi yake kama kutu, ukubwa kama kifungo cha shati. Natoboa kijiduara katikati ya doa, nakitia kwenye kichupa, naloweka, napasha moto, na mwisho wa siku nabaki na tone la maji yenye vinasaba. Taabu ni kwamba vingi ya vinasaba hivyo ni vya mwenye damu. Jenomu ya binadamu, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, ina herufi kama bilioni 3. Ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali, ina milioni 23 tu. Kelele ni zetu, mnong'ono ni wake. Tena chenyewe kimeandikwa ovyo: kati ya herufi nne za vinasaba, A, T, C na G, hiki karibu nne katika kila tano ni A au T. Mashine ya kusoma vinasaba ikikuta A zimepangana ishirini hivi, inapoteza hesabu, kama mtu anayehesabu shanga gizani.

Mwezi uliopita niliaibika. Katika sahani ya vijishimo 96 huwa tunaacha kimoja chenye maji matupu, na hicho hakitakiwi kuonyesha chochote. Changu kikaonyesha malaria. Maji yana malaria! Kosa ni langu, nilifungua vichupa vya kazi ya jana kwenye meza ileile ninayoandalia sampuli mpya, nikachafua kila kitu. Sahani nzima nikaitupa. Nilikaa kwenye kiti nikiiangalia ndoo ya taka kama mtu aliyefiwa.

Haya, turudi kwenye swali lako. Unaikumbuka klorokwini? Ile dawa chungu ya malaria iliyokuwa ikituwasha mwili mzima. Kimelea kilijifunza kuishinda kwa mbinu ndogo ya kuudhi. Kwenye kromosomu yake ya 7, mmoja wa nyuzi zinazobeba vinasaba vyake, kuna jeni iitwayo pfcrt, inayotengeneza protini iliyo kama mlango kwenye kifuko cha kumeng'enyea chakula chake. Nafasi ya 76 ya protini hiyo iliandikwa AAA. Ikageuka ACA. Herufi moja! Pamoja na mageuzi mengine machache ya jirani, mlango ukaanza kuitoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Usugu ulionekana kusini-mashariki mwa Asia mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukawa umefika Afrika Mashariki.

Nimesema "umefika". Ungeweza kudhani vimelea vya huku vilibuni mbinu hiyo vyenyewe, maana dawa ile ilitumika kila mahali. Kilichotupa jibu hakikuwa herufi ile, bali majirani zake. Herufi yenye faida kubwa inapoenea upesi, inavuta na kipande cha kromosomu kinachoizunguka, kama mtu anayehama na mkeka wake. Watafiti walipolinganisha vipande hivyo, vya vimelea sugu vya Afrika vilifanana na vya Asia. Hapo ndipo kujua mtoto ni wa nani kulipoanza kuwa na maana: usugu ule ulikuwa mgeni, ulisafiri ndani ya damu za watu, ukazaliana na vimelea vya huku.

Kisha kuna kisa cha Malawi, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1993 Malawi iliacha klorokwini, ya kwanza kufanya hivyo barani Afrika. Mwaka 1992 alama ya usugu ilikuwa kwenye asilimia 85 ya vimelea. Kufika mwaka 2000 ikawa asilimia 13. Baadaye wakathubutu kuijaribu tena dawa kwa watoto wenye malaria isiyo kali, na katika majibu yaliyotoka mwaka 2006 ikawaponya 79 kati ya 80. Dawa iliyokwisha kuzikwa ikafufuka!

Ungesema herufi iligeuka tena, ACA ikarudi kuwa AAA. Na mimi ningesema hivyo. Lakini walipotazama majirani wa herufi ile kwenye vimelea vilivyorejea, wakakuta kila kimoja na majirani wake, mchanganyiko mkubwa. Kama ingekuwa ni kimoja kilichogeuka kikazaliana, wote wangefanana. Maana yake ni wenyeji wa zamani, koo nyingi zilizokuwa zimejibanza miaka yote ile. Usugu una gharama, na dawa ilipoondoka, wenye mzigo wakashindwa mbio na wasio na mzigo.

Sasa tuko kwenye dawa mseto, zenye artemisinini ndani yake. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba mageuzi kwenye jeni iitwayo kelch13 ndiyo yanayokifanya kimelea kichelewe kufa. Kwa kuwa mara ya kwanza mgeni alitoka Asia, wengi tulikodoa macho huko huko, tukingoja aingie mlangoni. Mwaka 2020 habari zikatoka Rwanda: mageuzi ya nafasi ya 561 yamekutwa huko, na ukoo wa vimelea hivyo ni wa huko huko Rwanda. Hakuna aliyewaleta. Uganda nako yakaonekana mageuzi mengine, nayo ya nyumbani. Kwa hiyo, swahiba, ukijua ni mgeni unaangalia njia anazopita. Ukijua amezaliwa ndani, unaangalia namna dawa inavyotumiwa ndani, na unajua anaweza kuzaliwa tena kijiji cha pili pasipo mtu kusafiri. Mgonjwa mmoja hafaidiki na hayo usiku ule wa homa, hapo nakubaliana nawe kabisa. Anayefaidika ni yule atakayeugua miaka mitano ijayo na kukuta dawa bado inafanya kazi. Nisikufiche, kuna siku jibu hilo hunitosha, na kuna siku nikitazama madoa yale ya damu naona halitoshi.

Jambo moja tu bado linanisumbua. Vimelea hawa huoana tumboni mwa mbu. Mbu akimnyonya mtu mwenye koo mbili, watoto wanatoka wamechanganyika, na kazi yangu ya kutafuta baba inakuwa fujo tupu. Juzi nimekuta doa moja lenye koo tatu. Mtu mmoja, tone moja, familia tatu zinagombania damu yake! Mashine inanipa herufi zote kwa pamoja, na mimi ndiye wa kuamua ipi ni ya nani. Nimeirudia mara mbili, na safari hii kijishimo cha maji kimebaki maji.

Nimesogeza meza ya pili mbali na ya kwanza, na nimeweka mkanda mwekundu sakafuni nisivuke. Wenzangu wananicheka. Wewe nawe utacheka, najua. Niandikie upesi, na umwambie mama shikamoo yangu.

Wako wa siku zote