Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Kanada kuhusu safari za ndege za Nunavut

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya wasomaji wangu, ambao baadhi yao wanaishi nchini mwako na kulipa kodi kama mimi. Nakala ya Kiingereza nimeipeleka ofisini kwako. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga na mkazi wa Ottawa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifanya kazi kwa zamu katika vituo vya afya vya kisiwa cha Baffin, huko Nunavut, eneo la kaskazini kabisa mwa Kanada. Ninaloomba ni jambo moja: wajibu wa kuwahudumia watu wa Nunavut kwa ndege uandikwe kisheria kwa kila njia, usiachwe mikononi mwa shirika ambalo kwa wakati huo ndilo linalomiliki biashara hiyo.

Nunavut ina makazi 25, na hakuna barabara inayoyaunganisha, wala inayotoka huko kuelekea kusini. Meli za mizigo hufika kiangazi tu, barafu ikishayeyuka, zikileta mafuta, magari, mbao na vyakula vikavu vya mwaka mzima. Miezi iliyobaki kila kitu hupanda ndege: mayai, nepi, dawa, barua, hata maiti anayerudishwa kwao kuzikwa. Ndiyo maana hunishangaza kuona usafiri huu ukijadiliwa kama soko la kawaida, ambalo mteja asiporidhika na bei huenda zake. Mgonjwa wa Grise Fiord, mojawapo ya makazi hayo, ataenda wapi? Na wazee wake hawakujichagulia mahali pale. Serikali ya Kanada ndiyo iliyozihamishia familia za Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini, Grise Fiord na Resolute kuanzia mwaka 1953, na mwaka 2010 serikali hiyohiyo iliwaomba radhi.

Niruhusu nikupeleke Pangnirtung, makazi ya kisiwa cha Baffin. Kiwanja cha ndege cha pale ni cha changarawe, kimepita katikati ya makazi, chini ya milima ya ghuba nyembamba ambayo upepo wake hugeuka ghafla. Februari moja nilimsindikiza kiwanjani mama mjamzito, kwani wajawazito wa kule huondoka nyumbani wiki kadhaa kabla ya siku zao, wakajifungulie Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, au, walio katika hatari zaidi, hapa Ottawa. Tuliisikia ndege ikija. Ilizunguka juu ya mawingu, mlio ukakaribia, ukafifia, kisha ikarudi Iqaluit. Hakuna aliyelalamika, watu walivaa makoti yao, wakabeba watoto, wakaenda zao. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu nilimpima presha akiwa ameketi juu ya boksi la mizigo, mkono mmoja nje ya koti, huku binti yake wa miaka minne akinishikia tochi ambayo sikuihitaji hata kidogo, na tulipokuwa katika hali hiyo ndege ikatua. Hakuna wa kulaumiwa hapo, maana mawingu hayana mwenyewe. Lakini nilipouliza ni lini ingekuja ndege nyingine endapo na siku hiyo ingeshindikana, na ni nani aliyelazimika kuileta, hapakuwa na karatasi ya kunijibu.

Sidai kwamba mashirika ya ndege yanajineemesha kwa mgongo wa watu hawa. Katika viwanja vyote vya Nunavut, vyenye lami ni cha Iqaluit na cha Rankin Inlet tu; kwingine ni changarawe, na ndege nyingi za kisasa za jeti haziwezi kutua juu yake. Kwa hiyo zinatumika ndege za panga boi kama ATR, nyingine zikibeba mizigo mbele na abiria nyuma chini ya paa moja. Huenda kaskazini zikiwa zimejaa na kurudi na nafasi tele. Wala sitaki mtu yeyote amsukume rubani atue ili takwimu zipendeze. Nakumbuka Resolute, Agosti 2011, ambapo watu 12 kati ya 15 waliokuwa ndani ya ndege moja walikufa ilipogonga kilima karibu na kiwanja.

Hoja yangu ni ya umiliki. Makivik, chombo cha Wainuit wa kaskazini mwa Quebec kilichotokana na mkataba wa ardhi wa mwaka 1975, kilinunua shirika la ndege la First Air mwaka 1990. Canadian North, shirika jingine la ndege za kaskazini, nalo likawa la Wainuvialuit, yaani Wainuit wa magharibi. Mwaka 2019 Kamishna wa Ushindani alionya kwamba kuyaunganisha kungeua ushindani, na Baraza la Mawaziri likaridhia muungano kwa masharti ya nauli na ratiba. Mwaka 2023 serikali ilikubali masharti hayo yarekebishwe. Mwaka 2025 shirika lililounganishwa likauzwa kwa Exchange Income Corporation ya Winnipeg, kampuni yenye hisa katika soko la Toronto. Sina neno baya juu ya mnunuzi, ambaye amekuwa akiendesha ndege za kaskazini kwa miaka mingi. Ila kabla ya hapo bodi iliyopanga nauli ilikuwa ya Wainuit, na ndugu zao waliweza kuibana kwa lugha yao wenyewe. Bodi ya sasa inawajibika kwanza kwa wenye hisa, na ndivyo ilivyo kwa kampuni yoyote ya namna hiyo. Kilichokuwa kikilindwa na udugu sasa kinahitaji sheria.

Kuna waliokwisha kufanya hivyo. Norwe, ambayo nayo ina viwanja vifupi na baridi kali huko Finnmark, hutangaza zabuni kwa kila njia isiyojilipa, ikitaja idadi ya safari, viti na nauli ya juu kabisa, kisha hufidia pengo. Mwaka 2024 iliipunguza nauli hiyo ya juu kwa nusu. Marekani imekuwa ikilipia safari za makazi madogo, yakiwemo ya Alaska, tangu ilipolegeza udhibiti wa nauli mwaka 1978. Nanyi tayari mnalipa, kwa ruzuku ya vyakula mliyoianzisha mwaka 2011 na kwa tiketi za wagonjwa na watumishi wa umma, ila mnalipa bila kudai ratiba.

Basi, Mheshimiwa, kwa kila moja ya makazi yale 25 naomba yaandikwe: safari chache kabisa zinazokubalika kwa wiki, nauli isiyovukwa, nafasi ya kwanza kwa dawa na vyakula vibichi, na muda ambao ndege ya kufidia lazima ipangwe baada ya hali ya hewa kutulia. Masharti hayo yamfunge yeyote atakayerusha ndege katika njia hiyo, leo na baada ya mauzo mengine. Na kabla hujatia saini, rasimu ibandikwe katika chumba cha kusubiria cha kila kiwanja, kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, mahali ambapo watu wana siku nzima ya kuisoma.

Wako,
Muuguzi, mkazi wa Ottawa