Barua ya wazi kwa Meneja Mkuu wa Chicago White Sox: mkeka huu mlishatusukia

Kwa Ndugu Chris Getz,
Meneja Mkuu, Chicago White Sox,
Uwanja wa Rate Field, Barabara ya 35, Chicago.

YAH: KUSUKA UPYA KIKOSI KWA MARA YA PILI

Ndugu Getz,

Pole na majukumu. Najua wiki hizi za Februari 2026 mko Glendale, Arizona, warushaji wenu wa besiboli wanapasha viungo juani, wakati sisi huku Chicago tunakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kulalamika nayo bila kuhangaika na maneno. Klabu yako imezoea wakalimani wa Kihispania, na sasa umesajili Mjapani. Wa Kiswahili hatakosekana, mji huu una Wakongo na Wakenya wa kutosha.

Mimi ni dereva teksi, mzaliwa wa Tanga. Nilifika Chicago mwaka 2004 nikiwa siijui besiboli hata kwa kuisikia. Nilijifunza kwa kulazimishwa: redio ya gari la kwanza nililokabidhiwa ilikuwa imekwama kwenye stesheni moja, na stesheni hiyo ilikuwa na mechi karibu kila jioni. Mwaka uliofuata, Oktoba 2005, White Sox ikaichapa Houston Astros mechi 4 kwa 0 na kutwaa ubingwa ambao upande huu wa kusini wa mji haukuwa umeuona tangu 1917. Mimi mgeni wa mwaka mmoja nikadhani ndivyo mambo yalivyo, kwamba kila mwaka majani yakianza kupukutika watu hufunga barabara na kushangilia. Wazee waliokuwa wakilia kwenye kiti changu cha nyuma niliwaona wanatia chumvi. Sasa nawaelewa.

Hesabu unazijua kuliko mimi, ila barua hii itasomwa pia na watu wa Dar na Mombasa, kwa hiyo nivumilie. Msimu mmoja wa besiboli una mechi 162. Mwaka 2023 mlipoteza 101. Mwaka 2024 mkapoteza 121. Mwaka 2025 mkapoteza 102, na wapo waliopongezana kwamba tumepiga hatua. Siku moja nikiwa kwenye foleni ya teksi uwanja wa ndege wa Midway nilijumlisha ushindi wa miaka hiyo mitatu: 61, 41 na 60. Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea. Jumla ni 162. Yaani imetuchukua miaka 3 kushinda mechi ambazo zingetosha msimu mmoja tu.

Ule msimu wa 2024 sitauelezea sana, bado unauma. Hakuna timu ya ligi kuu tangu 1900 iliyopoteza mechi nyingi kiasi kile kwa msimu, hata New York Mets ya 1962 iliyokuwa mfano wa kuchekwa kwa vipigo vyake 120. Kati ya tarehe 10 Julai na tarehe 5 Agosti mlipoteza mechi 21 mfululizo. Tarehe 6 mkashinda, tarehe 8 mkamtimua kocha. Kwetu kocha hutimuliwa akifungwa, nyie mlisubiri kwanza ashinde! Siku zile abiria akiingia garini akasikia redio, alikuwa ananiomba nizime kama mtu anayeomba kufungua dirisha: kwa upole, lakini lazima.

Ila jioni moja lazima niieleze. Tarehe 24 Septemba 2024 niliegesha teksi nikanunua tiketi ya bei ya chini. Mlikuwa mmeshapoteza mechi 120, mnacheza na Los Angeles Angels, na kipigo kimoja tu kilitosha kuvunja rekodi. Kando yangu alikaa mzee mwenye kofia ya ubingwa wa 2005, ukingo wake umepauka hadi kuwa kijivu, na daftari la kufuatilia mchezo limefunguliwa mapajani. Kila mrusho anaandika kwa penseli. Kila awamu ikiisha anapuliza makombo ya kifutio. Mpaka awamu ya 8 mko nyuma 2-0, na majukwaa yanaimba kumwambia mwenye mali auze timu. Ghafla vijana wakaamka, wakapata pointi 3 kwa mkupuo, na mechi ikaisha 3-2. Kuna waliozomea. Wanazomea timu yao kwa kushinda! Mzee akafunga daftari, akachomeka penseli sikioni, akasema maneno ambayo kwa Kiswahili hayana tafsiri nyingine: hata kushindwa kumewashinda.

Rekodi ikavunjwa siku tatu baadaye kule Detroit, 4-1, na usiku huohuo wenyeji wakawa wanasherehekea kufuzu.

Sasa nije kwenye kiini cha barua. Nchini kwetu timu inayoburuza mkia hushuka daraja. Mwaka 2016 timu zote tatu za Tanga, Coastal Union yangu ikiwemo, zilishuka pamoja. Mji mzima ukabaki bila timu ligi kuu, na Coastal waliwahi kuwa mabingwa wa nchi mwaka 1988. Iliuma, lakini ilieleweka: umefungwa, umeshuka, rudi ukajipange. Marekani hakuna kushuka. Anayeburuza mkia anabaki palepale, tena anapewa nafasi nzuri zaidi ya kuchagua chipukizi bora wa nchi. Ndiyo maana kufungwa kwenu kunaweza kuitwa mpango. Mimi mpango huo siupingi. Nimeona klabu zikipitia njia hiyo zikafika. Ninachopinga ni kuuziwa mpango uleule mara mbili na duka lilelile.

Maana tulishasukiwa mkeka huu. Desemba 2016 mlimpeleka Chris Sale Boston mkarudi na Yoán Moncada na Michael Kopech. Wakaja Lucas Giolito, Eloy Jiménez, Dylan Cease, halafu Luis Robert Jr. kutoka Cuba. Tuliambiwa tuvumilie, tukavumilia, hadi vile vipigo 100 vya 2018. Na kweli, matunda tuliyaonja. Agosti 2021, katika uwanja uliojengwa katikati ya mashamba ya mahindi kule Iowa, Tim Anderson aliupiga mpira wa mwisho ukatokomea kwenye mahindi na New York Yankees wakalala 9-8. Nilikuwa nimesimama pembeni ya barabara na abiria wawili nisiowajua, taa za hatari zinawaka, tunakumbatiana. Mwaka ule mlishinda mechi 93. Houston wakatutoa raundi ya kwanza tuliyocheza, na huo ndio ukawa mwisho. Mwaka 2022 ushindi 81 na vipigo 81, baada ya hapo unajua. Vijana wa Tanzania wanaobeti, ambao tiketi ya kubeti huiita mkeka, wangesema mkeka umechanika.

Na wewe, Ndugu Getz, si mgeni wa msiba ule. Tangu mwishoni mwa 2016 ulikuwa mkurugenzi wa kukuza wachezaji, kisha msaidizi wa meneja mkuu. Wamarekani huziita timu za kukuzia vijana shamba, na bwana shamba ulikuwa wewe. Agosti 2023 wakubwa wako wawili walifukuzwa, na kabla mwezi haujaisha ukakabidhiwa kiti bila klabu kutafuta sana nje. Nilikasirika. Nilisema garini, peke yangu, kwa sauti: mwenye nyumba amefukuza wapishi akamwachia jiko mkata vitunguu.

Nakubali sasa kwamba nilikosea kidogo. Kidogo. Colson Montgomery alipokuwa anababaika mwanzoni mwa 2025 kwenye ligi za chini, hukumtupa wala hukumharakisha. Ulimrudisha Arizona akarekebishe upigaji wake, akapandishwa timu kubwa tarehe 4 Julai, na katika mechi 71 akapiga mipira 21 iliyovuka ukuta. Shane Smith ulimchukua Milwaukee kwa dola 100,000 kupitia ule utaratibu wa kuchukua wachezaji ambao klabu zao hazikuwalinda, naye akawa mwakilishi wetu kwenye mechi ya nyota mwaka huohuo. Dola 100,000! Humu barabarani kuna magari ya bei hiyo. Kocha Will Venable anaongea na wachezaji kama watu wazima. Na bahati nasibu ya Desemba imetupa nafasi ya kwanza ya kuchagua chipukizi Julai hii. Ilikuwa zamu yetu, kwani zile mechi 121 zilituletea nafasi ya 10 tu, kwa kuwa kanuni haziruhusu klabu ya mji mkubwa kama huu kuingia kwenye bahati nasibu miaka miwili mfululizo. Tulifungwa kihistoria tukapewa nafasi ya 10. Ningekuwa si shabiki ningecheka.

Kwa hiyo tatizo langu si jicho lako. Tatizo langu ni Garrett Crochet.

Mwaka 2024, katika ule mwaka wa msiba, mtu pekee aliyenifanya niongeze sauti ya redio alikuwa yule mrushaji wa mkono wa kushoto. Aliwaondoa wapigaji 209 kwa kuwakosesha mipira mitatu. Mlimchagua wenyewe, mkamuuguza mkono ulipopasuliwa, mkamkuza wenyewe. Desemba ukampeleka Boston. Ulipata vijana wanne, na sitaki kuwaonea: Kyle Teel na Chase Meidroth wameshaonyesha wanaweza. Kama biashara, ni biashara nzuri. Lakini mwanzoni tu mwa msimu wa 2025 Boston walimfunga Crochet kwa mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 170, akaenda kuongoza ligi nzima kwa kuwaondoa wapigaji 255. Sisi je? Mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya White Sox, klabu iliyo ligi kuu tangu 1901, ni dola milioni 75 za Andrew Benintendi. Timu ya mji wa tatu kwa ukubwa Marekani!

Ndiyo maana neno kusuka halinishiki tena. Msusi wa mkeka anasuka ukili, anashona, anamaliza, watu wanakaa. Nyie mnasuka hadi ukingoni, halafu anatokea mnunuzi, mnauza ukili, mnarudi porini kukata miyaa mingine. Januari hii umemwachia Luis Robert Jr. aende New York Mets. Najua majeraha yake, najua gharama yake, pengine mimi pia ningemwachia. Ila alikuwa wa mwisho wa ule mkeka wa kwanza. Hakubaki hata mmoja. Kopech alipoondoka Julai 2024 alichukua ubingwa na Los Angeles Dodgers miezi mitatu baadaye. Nilimpigia makofi peke yangu sebuleni. Mke wangu akaniuliza nashangilia timu gani. Sikuwa na jibu.

Hata Munetaka Murakami, ambaye nimefurahi mno kumpata, mtu aliyepiga mipira 56 iliyovuka ukuta kwa msimu mmoja kule Japani, mmempa miaka 2 na dola milioni 34. Miaka 2 si ndoa, ni uchumba wa mbali. Akiharibu atasindikizwa. Akifanya vizuri, naogopa kufungua simu yangu mwezi Julai, wakati wa klabu kuuziana wachezaji.

Utaniambia fedha si zako. Kweli. Mzee Reinsdorf ndiye mwenye mali tangu 1981, ana takriban miaka 90, na mwaka 2025 tulitangaziwa kwamba Justin Ishbia ataweza kuuziwa usukani kati ya 2029 na 2033. Asipouziwa kipindi hicho, ana haki ya kuununua baada ya msimu wa 2034. Wenye nyumba wakikubaliana polepole hivyo, wapangaji tufanye nini? Ndiyo maana barua haijaenda kwao. Wewe ndiye unayeingia chumbani na karatasi ya kusaini, na nakuomba karatasi moja tu.

Mpe Colson Montgomery mkataba. Mrefu. Sasa hivi, akiwa bado kijana na bei yake bado inazungumzika, kabla Boston au Los Angeles hawajamfanyia hesabu. Na uzidi dola milioni 75. Najua ni kamari, mechi 71 si ushahidi, na mlishawahi kuwapa vijana mikataba mapema mkaumia: Jiménez milioni 43, Robert milioni 50. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka hahami shamba. Hiyo rekodi ya milioni 75 ikivunjwa kwa ajili ya mchezaji tuliyemkuza sisi, nitaamini kwamba mnasuka. Isipovunjwa, nitajua mko sokoni, na nitawaeleza hivyo abiria wote watakaoniuliza kuanzia Midway hadi katikati ya mji.

Jirani yangu, mama Mkatoliki wa kutoka Lubumbashi, ananicheka. Anasema tangu Mei 2025 timu yetu ina shabiki Vatikani, Papa Leo XIV, aliyekuwepo uwanjani mechi ya kwanza ya fainali za 2005, kwa hiyo niache kuhangaika na mameneja. Mimi Mwislamu, namjibu kwamba dua za Papa nazipokea kwa mikono miwili, lakini saini ya mkataba bado ni ya Getz.

Yule mzee wa daftari nilimwona tena Septemba iliyopita, sehemu ileile, kofia ileile. Daftari lilikuwa jipya. Nilimwuliza la 2024 liko wapi, akasema lipo kabatini na halifunguliwi. Aprili nitakaa naye tena, nimeshamwambia anihifadhie kiti. Nikikuona unapita chini kule karibu na benchi nitasimama na kukuuliza kwa Kiingereza changu cha teksi: Montgomery amesaini?

Wako,
Mgosi wa Tanga,
dereva teksi, Chicago