Mluzi wa kifuani baada ya mpira wa kooni si lazima uwe pumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie wagonjwa wanaowekewa mpira wa kupumulia kooni, hasa majeruhi wa ajali za barabarani tunaowauguza hapa Dodoma. Mdogo wangu alitolewa mpira akiwa mzima. Wiki ya tano akaanza kupumua kwa mluzi. Akipanda ngazi nne tu, anashika ukuta. Zahanati ikampa dawa za pumu mwezi mzima. Kumbe koo la hewa lilikuwa limebanwa na kovu.

Kovu hilo mara nyingi huanzia kwenye kiputo kinachoushikilia mpira ndani ya koo. Kikijazwa upepo hadi mgandamizo wake ukapita sentimita 30 za maji (kipimo cha mgandamizo), hubana mishipa midogo ya damu, utando hufa na kidonda hupona kwa kovu. Kifaa cha kupimia upepo huo ni kidogo, hushikwa kwa mkono mmoja.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kila wodi ya mahututi inacho kifaa hicho, na upepo upimwe kila zamu, usizidi 30. Anayeruhusiwa kurudi Kongwa au Kondoa apewe kadi inayoonyesha alikaa na mpira siku ngapi, pamoja na tarehe ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo.

Msomaji wako,
Chamwino, Dodoma