Bora nikataliwe kuliko kuambiwa "tutakujulisha"

Mhariri, naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wa barua, nina jambo linanikera.

Hivi karibuni nimesota wiki sita nasubiri majibu ya kazi. Intavyuu ilienda poa, wakasema "tutakujulisha", basi, kimya. Nikawa naamka saa tisa usiku naangalia simu, naizima, dakika mbili hazijaisha naiwasha tena, utadhani kuna mtu yuko ofisini usiku ule ananiandikia mimi. Barua pepe yao ya mwisho nimeisoma mpaka nikaikariri, wamemalizia na "kila la heri", sasa na mimi nikaanza kuichambua, hiyo kila la heri ni ya kunitia moyo au ndo nshaagwa?

Wenzangu wakawa wananiambia usiwaze. Nia yao nzuri, ila ukimwambia mtu asiwaze ndo kwanza anawaza.

Wiki ya saba jibu likaja, nimekosa. Iliniuma, siwadanganyi, lakini usiku ule nililala fofofo mpaka nikajishangaa. Kumbe sio mimi tu. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwachezesha watu 45 gemu ya kompyuta, unabashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka au hakuna, akiwepo unapigwa shoti ya umeme mkononi. Wakapima jasho, wakapima na mboni za macho. Watu walihangaika zaidi pale uwezekano wa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu kuliko pale walipojua kabisa kwamba shoti inakuja! Yaani mtu anayejua ataumia ametulia kuliko asiyejua.

Kilichonisaidia mimi ni mbinu ambayo wanasaikolojia wameitumia tangu miaka ya 80, unatenga nusu saa kila siku, muda uleule na sehemu ileile, ya kuwaza tu. Mimi niliweka saa kumi na moja jioni, kiti kimoja, daftari moja. Wazo likinijia asubuhi naliambia subiri jioni, linagoma, linarudi, naliambia tena. Siku za mwanzo nilijaza kurasa tatu, mbele ya safari nikawa nakaa pale natafuta cha kuwaza sikipati, naandika mistari miwili nanyanyuka. Simu ndo ilikuwa ngumu kuiacha, maana kila ukiichungulia unapata nafuu kidogo halafu roho inataka tena, kama kujikuna upele.

Sisemi ni dawa ya kila kitu. Mtu anayesubiri majibu ya vipimo vya mwanae siwezi kumwambia akae na daftari, huyo anahitaji wa kukaa naye.

Lakini nyie mnaoshika majibu ya watu, wa ofisini, wa hospitali, hata wachumba mnaosema "ngoja nifikirie" mwaka mzima, kwani kutaja tarehe kunawagharimu nini? Kama bado hamjui semeni bado hatujui, ila Ijumaa tutakwambia tulipofikia. Na Ijumaa ikifika mseme kweli, hata kama hamjafika popote.

Na wewe mhariri, barua hii kama haitoki niambie tu haitoki.

Msomaji wako