Wito wa harambee: tusafishe maji ya korongo la shule yetu, Nzega

Ndugu wazazi, wazee wetu, na wana-Nzega mlioko mbali na nyumbani,

Mvua zikianza, maji hupita kwenye marundo ya marudio ya machimbo, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu, yakaingia korongoni. Watoto wetu wanalivuka korongo hilo peku kila asubuhi. Mawe ya dhahabu mara nyingi huwa na shaba, madini ya risasi, hata aseniki, na yakishasagwa kwenye karasha mvua huvichukua kirahisi. Kuchemsha hakusaidii, maana metali haifi kwa moto. Kikomo cha risasi kwenye maji ya kunywa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ni maikrogramu 10 kwa lita: huioni wala huionji.

Muhula uliopita kidato cha tatu walijaza chupa tope jeusi la jaruba, samadi na pumba za mpunga, wakamimina maji yenye mrututu kidogo, ile chumvi ya buluu yenye shaba, wakafunga. Wiki ya tatu ule ubuluu ulikuwa umetoweka na chini pametua unga mweusi. Kifuniko kilipofunguliwa, darasa zima lilinusa yai viza. Harufu ile ndiyo kazi yenyewe. Bakteria wa topeni, wasiotaka hewa, hupumua salfeti, chumvi yenye salfa iliyoyeyuka majini, badala ya oksijeni, wakatoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ikikutana na shaba au risasi huishika, vikazama pamoja. Kiwanda cha zinki cha Budel, Uholanzi, kilianza kusafisha maji kwa bakteria wa namna hii mwaka 1992. Nasi tunataka kuchimba bwawa la tope, samadi, pumba na mawe ya chokaa, maji ya korongo yapite humo yasafishwe.

Jambo moja tuwaambie wazi. Bakteria haohao wakikuta zebaki wanaweza kuigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayojikusanya kwenye samaki. Kwa hiyo fedha ya kwanza ni ya vipimo vya maabara, kabla koleo halijagusa ardhi. Zebaki ikionekana, hapo hatuchimbi bwawa. Na maji yatakayotoka ni ya kumwagilia miche ya miti tu. Ya kunywa tutaendelea kukinga ya mvua.

Tunahitaji shilingi 4,200,000. Zimepatikana 1,150,000, nyingi kutoka kwa akina mama wauza mchele, Mungu awazidishie. Usiye na fedha, leta mkokoteni wa samadi, gunia la pumba au mawe ya chokaa.

Tukutane uwanja wa shule Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nne asubuhi. Walio mbali wapitishe mchango kwa mweka hazina wa kamati. Kila Ijumaa hesabu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo.