Mpeleke mdogo wangu akapime macho

Ngamiani, Tanga

Somo yangu,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, ila gari nimeliacha. Usishtuke, sijagonga mtu. Nilikaribia.

Ilikuwa alfajiri, natoka na kipanya kwenda Pongwe. Unaijua Tanga na baiskeli zake. Nakata kona, konda akapiga bodi kwa kiganja, si lile pigo la "twende", ni la roho kutaka kutoka. Nikakanyaga breki. Mbele ya bampa mzee kashikilia baiskeli yake, tenga la mikate limemwagika, ananiuliza, "Baba, umelala?" Sikulala. Wallahi sikumwona mpaka alipokuwa mbele yangu. Mikate nikailipa.

Nikaenda kwa daktari wa macho nikijua nitapewa miwani. Ubaoni nikazisoma zile E zote, za kutazama juu na za kutazama chini, hadi mstari wa 6/6. Nikachukua kofia yangu niondoke. Daktari akaniambia kaa. Akavuta kiti, magoti kwa magoti: nizibe jicho moja, nimtazame usoni, yeye alete kidole toka pembeni akikichezesha, nikikiona niseme. Nikangoja. Nikangoja tena. Kilipotokea, somo, kilikuwa kimeshakaribia pua yake.

Ni presha ya macho. Mtoto wa jicho afadhali, unapasuliwa, unawekewa lenzi, unaona. Hii haiumi, inakula pembeni polepole na kuacha katikati, na ilichokula hakirudi. Matone ninayotia kila usiku yanalinda kilichobaki tu. Na mimi nilipopimwa macho kwa ajili ya leseni nilisomeshwa ubao basi, nao ubao unapima katikati! Mpwa wangu aliyeko Uingereza anasema kule dereva lazima aweze kusoma namba ya gari kwa mita 20, na juu ya hapo aone upana usiopungua nyuzi 120. Mimi ningeishia kwenye namba.

Shemeji yako kapaka chokaa kingo za ngazi, nami nimeambiwa nianze kujifunza fimbo nyeupe mapema, wakati bado naona. Mitaro ya mtaani naichungulia nayo vizuri. Nikikaribia kijiweni naikunja, naificha kwapani. Haya bado ninayo.

Sasa shida yangu kwako. Ugonjwa huu hufuata damu, na mdogo wangu yuko huko kwako Bagamoyo, anaendesha lori la mchanga usiku na mchana. Nimempigia, kacheka: "Kaka, mimi naona mpaka Zanzibar." Wewe anakuheshimu. Mchukue mwenyewe, usimtume. Wakimsomesha ubao na kumwambia yuko sawa, msitoke. Mwambie daktari kaka yake tumbo moja ana presha ya macho, apimwe presha hiyo ya macho na macho yaangaliwe kwa ndani.

Nauli na gharama nitakurushia kwa simu Ijumaa.

Somo wako