Kabla ya kulipia chuo cha mtandaoni, tuulize cheti chake kitatambuliwa na nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wenzangu wa Mwanza na visiwa vyake vya Ziwa Viktoria, hasa watumishi na vijana wanaotafuta chuo cha kusoma wakiwa nyumbani.

Uhitaji wenyewe ni wa kweli. Mwalimu wa Ukerewe hawezi kuacha vipindi vyake na kupanda kivuko kila wiki ili akakae darasani chuoni Malimbe, Mwanza mjini, wala muuguzi wa Sengerema hawezi kuiacha zamu yake kwa miaka mitatu. Ni kwa ajili ya watu wa namna hiyo Bunge lilipitisha Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994 na kina kituo hapa Mwanza. Elimu ya masafa si elimu ya daraja la pili, na huumia sana ninaposikia mwajiri akiibeza. Wanaoichafulia jina ni wauza vyeti.

Matangazo yao hubandikwa kwenye milango ya steshenari, palepale vijana wanapokwenda kujaziwa maombi ya vyuo. Moja nililolisoma karibu na stendi ya Nyegezi liliahidi shahada ya kwanza kutoka Ulaya kwa miezi sita, bila mtihani, kwa kigezo cha uzoefu wa kazi. Chini yake palikuwa na namba ya simu ya mtu binafsi ya kupokelea fedha, lakini hapakuwa na anwani ya chuo wala jina la nchi ambako kimesajiliwa.

Ahadi hiyo haihitaji mtaalamu kuipima. Kwa mfumo wa tuzo, yaani vyeti vya kitaaluma, wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na kila krediti ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha mihadhara, kujisomea, mazoezi na mitihani. Hizo ni saa 3,600. Atakayezimaliza kwa miezi sita itambidi asome saa 20 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na bado aende kazini.

Kwa hiyo, kabla hatujauliza ada, tuulize cheti kitatambuliwa na nani. Shahada zinasimamiwa na TCU; astashahada na stashahada zinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Kuliona jina la chuo kwenye orodha hakutoshi, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku programu unayoitaka haijaidhinishwa. Tafuta jina la programu yenyewe. Kwa chuo cha nje, waandikie TCU kabla ya kulipa, maana hao ndio watakaoitathmini tuzo yako baadaye, na jibu la maandishi lina uzito kuliko maneno ya wakala.

Hapa ndipo wengi wetu tunaponaswa, kwa kuwa wauza vyeti nao hujitengenezea vyombo vya ithibati, yaani vya kuthibitisha ubora wa vyuo. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni moja ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo hewa pamoja na tovuti za vyombo hewa vya kuvithibitisha. Maneno ya kwamba chuo kina ithibati ya kimataifa, peke yake, hayathibitishi chochote. Ulizia chombo kilichoitoa, kisha umhakiki huyo mthibitishaji kwa mamlaka ya nchi yake. Marekani, kwa mfano, Wizara ya Elimu haitoi ithibati kwa vyuo, bali hutangaza vyombo inavyovitambua kufanya kazi hiyo.

Ulizia pia mtihani unafanyikia wapi na unasimamiwa na nani, na kama fani ina vitendo, vitafanyikia hospitali au karakana ipi. Chuo makini hujibu maswali haya siku hiyohiyo, na hukuandikia jumla ya gharama zote, za usajili na za mitihani zikiwamo. Aliye Ukara au Kome, ambako mtandao hukatika, aulize kama masomo yanaweza kupakuliwa na kusomwa bila intaneti.

Naziomba halmashauri zetu, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe, zibandike orodha za TCU na NACTVET kwenye mbao za matangazo za kata kila msimu wa udahili. Nawe Mhariri, nakuomba usipokee tangazo la chuo chochote kabla ya kuona namba yake ya usajili na kuihakiki kwa mamlaka husika. Wasomaji wako wanaliamini tangazo lililochapwa gazetini kuliko karatasi ya mlangoni.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa sekondari,
Nyegezi, Mwanza